Sheria ya Mshangao katika Nchi ya Usuli

Nchi ya Usuli haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake husema kosa ni la wachora ramani. Jinsi Mwalimu Sikujua Shemdoe alivyofika huko haituhusu sana. Alialikwa, akaenda, akafika na sanduku moja na magoti yanayouma. Yanayotuhusu ni aliyoyakuta, nami nitayaeleza kama yalivyokuwa, ingawa mengine yananipandisha hasira mpaka leo.

Mama huyo alifundisha Kiingereza Muheza kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye aliandika kijitabu. Kilikuwa cha kurasa kumi na sita, juu ya maneno wanayoyatumia Waingereza wanaposhangaa, na maana zilizokuwa ndani ya maneno hayo hapo kale. Aliyapenda mambo hayo kama wengine wanavyopenda bao. Alieleza kwamba neno “astonish”, ukilifuata ukoo wake mpaka mwisho, utakuta ngurumo ya radi. Neno “surprise” lilikuwa kutekwa ghafla, kama askari aliyeviziwa. Neno “amaze” lilikuwa kuachwa bila fahamu, kama mtu aliyepigwa rungu kichwani, na “bewilder” lilikuwa kupotezwa porini. Na lile “awful”, ambalo siku hizi mtu hulisema juu ya supu iliyozidi chumvi, zamani lilikuwa la kitu kinachokujaza kicho mpaka ukavua viatu.

Alichapisha nakala mia mbili. Jamaa zake walichukua thelathini kwa heshima, na zilizobaki zikaishia kwa muuza karanga. Mwalimu alijua hivyo na hakuona vibaya, maana alipenda karanga pia. Ndiyo maana barua ya mwaliko kutoka Usuli, yenye mihuri minne na maneno “kwa Mwasisi wa Sheria Yetu”, aliisoma mara tatu akadhani imepotea njia.

Langoni mwa Usuli alipokewa kwa ngoma na tarumbeta. Watoto wa shule walipanga mistari miwili, na mbele yao palikuwa na kabati la kioo lililobebwa na wanaume wanne kama jeneza. Ndani ya kabati kulikuwa na kijitabu chake, kina mafuta ya karanga pembeni.

“Ajabu!” akasema Mwalimu Sikujua. “Yote haya kwa ajili yangu?”

Ngoma zikanyamaza. Mtu mrefu, kanzu yake imenyooshwa pasi mpaka mikunjo ikawa mikali, alimsogelea na kuinama kidogo. Huyo alikuwa Bwana Thabiti, Mkuu wa Idara ya Maana ya Kwanza.

“Samahani, Mwalimu. Umesema nini?”

“Nimesema ajabu.”

Bwana Thabiti alimgeukia karani wake, mama mnene wa makamo aliyekuwa ameshika daftari kubwa kuliko sinia la pilau. “Andika kwamba mgeni amekohoa,” akasema, na ngoma zikaendelea.

Jioni hiyo alielezwa habari yote, na alielezwa kwa fahari. Hapo zamani, alisema Bwana Thabiti, Wasuli walikuwa watu wa kushangaa ovyo. Mtu akikuta chai imetiwa tangawizi, anasema amekufa kwa mshangao. Kuku akivuka njia, maajabu. Mvua ikinyesha mwezi wa mvua, lo, masalale. Maneno makubwa yakachakaa kama noti za sokoni. Baraza likajadili miaka mitatu bila kufika popote, mpaka siku moja mjumbe wa Baraza aliporudi safarini na karanga zilizofungiwa katika karatasi zenye elimu.

“Tulizila karanga, tukasoma karatasi,” alisema Bwana Thabiti. “Tukaona nuru. Kila neno lina maana yake ya kwanza, na ya kwanza ndiyo halali. Nyingine ni uvamizi.”

Wakakaa, wakayagawia maneno ya Kiswahili maana za kijitabu. Neno kushangaa wakalipa maana ya radi. Kustaajabu wakalipa kutekwa. Kuduwaa wakalipa rungu la kichwa, na kupigwa na butwaa wakalipa kupotea porini. Tangu siku hiyo, anayetaka kusema “nimeshangaa” lazima aoneshe kovu la radi na cheti cha daktari. Anayetaka kustaajabu alete barua ya waliomteka, yenye sahihi. Juu ya mlango wa Idara waliandika kwa rangi ya dhahabu: ASIYEJUA MAANA HAAMBIWI MAANA. Mwalimu alitaka kusema kwamba hayo yalikuwa maneno ya Kiingereza na haya ni ya Kiswahili, ila alikuwa mgeni, na pilau ilikuwa mbele yake. Alinyamaza. Kunyamaza huko alikujutia baadaye.

Kwa siku mbili alitembezwa. Nchi ilikuwa safi na watu wake wapole. Alioneshwa daraja zuri la mawe lililojengwa mahali pasipo mto. Alioneshwa zahanati yenye milango kumi na miwili na kitanda kimoja. Kila alipofungua kinywa, aliona wenyeji wakimtazama kwa wasiwasi, naye akakifunga. Wao walikuwa na neno moja lililoruhusiwa kwa mambo yote, nalo ni “nimearifiwa”. Alimwona mwanamume akiitwa mlangoni mwa wodi kuambiwa kwamba mkewe amejifungua watoto watatu. Midomo ilimtetemeka, machozi yakamlenga. “Nimearifiwa,” akasema.

Katika Usuli nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kushangaa. Aliitwa Bwana Chumu. Radi ilimpata akichunga mbuzi, ikamwachia kovu toka sikioni mpaka begani, na serikali ikamwajiri. Jengo jipya likizinduliwa, Bwana Chumu analetwa kwa gari, kovu linakaguliwa, anasimama mbele ya kipaza sauti na kusema, “Nimeshangaa.” Watu wanapiga makofi, naye anarudishwa nyumbani. Mwalimu alimuuliza kama kuna siku anashangaa kweli.

“Mwanzoni ndiyo,” alijibu. “Siku hizi nashangaa kwa ratiba.”

Faida ya sheria hiyo kwa wakubwa haikuwa ndogo. Taarifa ya Baraza ya mwaka ule ilisema kwamba kwa mwaka wa kumi na moja mfululizo hakuna raia hata mmoja aliyeshangazwa na jambo lolote la serikali. Ilikuwa kweli tupu. Ilikuwa kweli hata juu ya lile daraja.

Asubuhi ya siku ya tatu, Mwalimu akiwa anakunywa chai katika nyumba ya wageni, mlango uligongwa.

“Hodi.”

“Karibu.”

Aliingia mwanamke mwenye miaka kama hamsini, kanga imefungwa kiunoni, tope la mashamba ya mpunga limemkaukia mpaka viwikoni. “Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Vuta kiti.”

“Sikuja kukaa. Naitwa Nyamvula, natoka Bondeni. Wewe ndiye mwenye kijitabu?”

“Ndimi.”

“Basi vaa viatu, mama, uje uone kijitabu chako kimefanya nini.”

Bondeni palikuwa na kaya tisini, zote chini ya ukuta wa bwawa. Nyamvula alimpandisha Mwalimu kwa njia ya mbuzi mpaka penye ukuta, akaondoa matawi aliyokuwa amepafunika nayo ili punda wasijikune hapo. Ufa ulipanda ukutani kupita kimo cha mtu. Maji yalikuwa yakitoka, si kwa nguvu, yakichuruzika na kupotea katika nyasi.

“Tia vidole,” alisema Nyamvula.

Mwalimu alitia. Vidole vitatu viliingia.

“Juzi kiliingia kimoja. Sasa kinga kiganja, uyatazame hayo maji. Ukuta kutokwa jasho si kitu, kuta zote hutokwa jasho. Maji safi hayaninyimi usingizi. Haya yana tope. Maji yenye tope yanaula ukuta kwa ndani.”

Mwalimu alitazama kiganja chake. Tope laini lilikuwa limejikusanya katika mistari ya mkono. “Kwa nini hamjahama?”

“Kuhama bila dharura ni kosa, kunaitwa kuzusha. Na dharura, kwa sheria, ni jambo lililomshangaza mtu mwenye cheti. Ndivyo ilivyoandikwa. Kengele iko pale Idarani, na haipigwi mpaka neno liingie daftarini. Nilikwenda nikajaza fomu. Pale pa neno niliandika ‘nimeshangaa’, maana nilishangaa, wallahi. Wakaniuliza kovu la radi liko wapi. Nikawaambia njooni muone ukuta. Wakasema ukuta si kovu.”

“Na yule Bwana Chumu?”

“Nilimwendea. Masikini, alitaka kuja. Kibali chake ni cha uzinduzi tu, na ukuta huu ulizinduliwa kabla hajazaliwa.” Nyamvula alirudisha matawi juu ya ufa, moja baada ya jingine. “Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeuandikia barua tatu. Leo saa nne nahukumiwa kwa kutumia neno nisilostahili. Na shahidi wao ni wewe.”

Mwalimu Sikujua aliona aibu. Si aibu ile ndogo ya kukosea mbele za watu. Ilikuwa aibu iliyomfanya aketi juu ya jiwe, akashindwa kumtazama mwenzake usoni. Chini yao moshi wa majiko ulikuwa ukipanda, mtu alikuwa akitwanga, na mtoto alikuwa akiimbishwa herufi. Alikuwa ameandika kijitabu kwa mapenzi ya maneno, na sasa mapenzi hayo yangewaua watu ambao hakuwajua hata kwa majina. Nyuma ya aibu ikaja hasira, akaiacha ije.

“Twende,” akasema. “Nimekaa kimya vya kutosha tangu nile pilau yao.”

Ukumbi wa Idara ulikuwa kwenye mteremko, juu kidogo ya Bondeni, na madirisha yake yaliangalia paa za nyumba. Wajumbe saba walikaa kwa safu. Nyamvula alisimamishwa katikati. Juu ya meza palikuwa na daftari, na kando yake nishani ya shaba ambayo Mwalimu angevishwa akishamaliza ushahidi.

“Mwalimu,” alianza Bwana Thabiti kwa upole, “utuambie kwa kiapo. Neno la Waingereza la kushangaa, ulilolieleza katika ukurasa wa tatu, katika asili yake ni radi au si radi?”

“Ni radi.”

Nyamvula alitazama sakafu.

“Tunashukuru. Karani, lete hati mgeni atie sahihi.”

“Sijamaliza. Ni radi ya kwao. Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Warumi. ‘Kushangaa’ ni letu, halijawahi kukutana na watu hao hata njiani. Ninyi mmemchukua babu wa jirani mkamzika uwanjani kwenu, sasa mnawachapa wajukuu kwa sababu hawamlilii.”

Wajumbe walinong’onezana. “Asili ya neno letu,” aliuliza Bwana Thabiti, “imeandikwa wapi?”

“Sijui kama imeandikwa.”

“Unaona? Idara haiwezi kuongozwa na asili isiyoandikwa. Tulitafuta asili yenye kitabu, tukaipata.”

Mjumbe mmoja, ambaye mpaka hapo alikuwa akisinzia, aliongeza kwamba yeye binafsi aliona asili ya kuagiza ni imara zaidi, kama zilivyo sufuria. Wenzake waliitikia kwa vichwa.

“Hata kwao,” alisema Mwalimu, sauti inaanza kupanda, “hakuna Mwingereza anayedaiwa radi! Anasema ameshangaa kwa sababu ameshangaa, na mwenzake anamwelewa. Niliandika hivyo hivyo katika ukurasa wa mwisho. Niliandika kwamba neno likishakua halivishwi tena nguo za utotoni, na kwamba maana ya zamani ni ya kuijua na kuifurahia, si ya kumfungia mtu.”

“Kitabu chetu kina kurasa kumi na tano.”

“Kwa sababu ule wa kumi na sita umefungia karanga za mtu mwingine!”

“Ushahidi wa karanga hatuna,” alisema Bwana Thabiti.

“Mimi ndiye niliyekiandika, Bwana wee!”

“Hatukatai. Ila kitabu ni sheria, na mwandishi ni shahidi. Shahidi akipingana na sheria, shahidi hurekebishwa. Karani, andika kwamba mgeni amekohoa.”

Karani alishika kalamu, ila Mwalimu aliona kwamba haikuandika kitu. Mkono wake ulibaki juu ya karatasi. Baadaye ilijulikana kwamba mama yake mzazi alikuwa akiishi Bondeni, nyumba ya nne kutoka ukutani.

“Bwana Mkuu,” alisema Nyamvula, “vidole vitatu vinaingia. Vitatu! Kifungo nitakitumikia, nitatumikia hata viwili. Pigeni kengele kwanza, halafu mnifunge.”

“Kwa neno gani?”

“Kwa lolote! Kwa nimearifiwa!”

“Kuarifiwa si dharura,” alisema Bwana Thabiti, na nadhani aliamini kabisa alichosema, jambo ambalo ndilo linalonichosha kwa watu wa aina yake. Akasoma hukumu. Nyamvula binti Mwakuhenga angefungwa kitambaa cheupe kinywani kwa miezi sita. Wakazi wa Bondeni wangebaki majumbani mwao mpaka Idara itakapopokea mshangao halali. Mgeni angetia sahihi na kuvishwa nishani, kisha chakula cha mchana.

Wakamfunga Nyamvula kitambaa. Hakupigana nao. Macho yake yalimwelekea Mwalimu, naye Mwalimu aliwekewa hati mbele yake, na kalamu iliyochovywa wino tayari.

“Sitii,” akasema Mwalimu Sikujua.

“Mwalimu, nishani hii haijawahi kutolewa kwa...”

“Mvishe punda. Sitii sahihi leo, sitii kesho. Mkitaka mnifunge kitambaa na mimi.” Aliinuka, magoti yakalia. “Idara yenu inatafuta cha kwanza, sivyo? Vizuri. Basi tukitafute mpaka mwisho. Kabla ya kushangaa, kabla ya Warumi na radi yao, kabla mtu yeyote hajashika kalamu, mtu akiona hatari imewainukia watoto wa wenzake alifanya nini?”

Swali hilo halikuwa katika kurasa kumi na tano.

Mwalimu alikwenda dirishani. Alikuwa na miaka sitini na minane, sauti yake ilikuwa imekwangulika kwa vumbi la chaki, na maisha yake yote ya ualimu aliwakataza watoto kupiga kelele. Akashika fremu kwa mikono miwili, akavuta pumzi mpaka tumboni, akapiga yowe.

“Uwiiii! Uwiiii! Uwiiii!”

Bwana Thabiti aliruka kitini. “Neno gani hilo? Karani! Liko ukurasa gani?”

Karani alifunua daftari mbele, akafunua nyuma. “Halimo, Bwana Mkuu. Si neno.”

“Kama si neno basi haliwezi kuruhusiwa!”

“Wala kukatazwa, Bwana Mkuu.”

Wajumbe wakaanza kubishana kama yowe ni la kushangaa, la kustaajabu, au ni kikohozi kirefu. Mmoja akapendekeza kamati. Kule Bondeni mtwangaji aliacha kutwanga. Watu walitoka milangoni, wakatazama juu, wakasimama. Miaka kumi na moja ya kuarifiwa si mchezo. Mwalimu alipiga tena, sauti ikamkatikia katikati, akakohoa kweli.

Hapo Nyamvula alikitoa kitambaa. Hakukifungua, alikirarua. Akaja dirishani, akasimama bega kwa bega na mzee wa watu, akapiga yowe ambalo kwa wiki nzima lilikuwa limemkaa kifuani likitafuta fomu. Nchi ile, kabla ya sheria, ilikuwa na desturi yake kama nchi zote zenye watu: yowe halina swali. Ukilisikia unalijibu, unanyakua mtoto aliye karibu, wako au wa mwenzako, unakimbilia lilikotoka. Hakuna aliyewafundisha upya siku ile. Mwanamke mmoja chini akajibu, “Uwiiii!” Akajibu wa pili. Kisha Bondeni yote ikalia, wanaume kwa wanawake, na njia ya mbuzi ikajaa watu.

Walipanda na mikeka, na vikongwe mgongoni, na kuku wameshikwa miguu. Karani alifunga daftari, akaliweka juu ya meza taratibu, akatoka mbio kumpokea mama yake. Wajumbe walimfuata mmoja mmoja, wakisema wanakwenda kuchunguza. Bwana Chumu alionekana kwa mbali akikimbia pekupeku, amembeba mbuzi, na hakuna aliyemkagua kovu. Bwana Thabiti peke yake alibaki ukumbini. Alisema lazima mtu aandike kumbukumbu za kikao.

Nyamvula akawapitisha Idara, wakakaa kilimani juu yake. Ikapita saa nzima, ikaanza ya pili. Jua lilichoma, watoto walililia maji, na ukuta ulisimama pale pale. Manung’uniko yakaanza. Mwanamume mmoja alisema ameacha maharage jikoni. Mwingine alisema wamefanywa wajinga na mgeni, na Idara ikiuliza, yeye hakusikia yowe lolote. Wakaanza kuinuka, watano, kisha kumi na kitu.

Nyamvula alisimama katikati ya njia, akatanua miguu. “Atakayerudi atapita juu yangu.”

“Nyamvula, sheria...”

“Sheria nimeirarua, iko kule sakafuni Idarani, kaiokote! Maharage nitakupikia mwenyewe. Kama kesho ukuta huu bado umesimama, njooni mnicheke, mnicheke mpaka mchoke, nami nitafurahi kuliko ninyi. Leo hapiti mtu.”

Mwalimu alikwenda akasimama karibu naye. Karani akaja upande wa pili. Yule mwenye maharage aliwatazama wanawake watatu, akasonya, akarudi kukaa. Mwalimu Sikujua alikuwa na hofu, nami sitaificha. Alihofia kwamba amekosea, na alihofia zaidi kwamba hajakosea.

Ukuta ulianguka baada ya adhuhuri. Kwanza sehemu ile ya ufa ilitoka kama droo inayovutwa, kisha kila kitu kikafuata. Maji yalichukua mashamba, yakachukua nyumba ya kwanza mpaka ya tisini, yakapanda mteremko mpaka nusu ya madirisha ya Idara, yakayumba, yakarudi. Kisha watu walianza kusema, kila mtu kwa neno alilotaka. Walishangaa, wakastaajabu, wakaduwaa, wakalia, wakamtaja Mungu, na hakuna aliyeombwa cheti.

Nyamvula alipita katikati ya watu akiwagusa vichwa kimoja kimoja, watoto wa mgongoni na vikongwe waliolala mikekani, akihesabu kwa sauti ndogo wa Bondeni pamoja na wa Idarani. Alipofika mwisho wa mkusanyiko, mtu alitokeza kwenye njia ya mbuzi. Alikuwa Bwana Thabiti. Kanzu ilimganda mwilini, kiatu kilikuwa kimoja, na kifuani amelikumbatia daftari, wino wake ukimchirizika mpaka magotini.

“Nani,” aliuliza akihema, “nani aliwapa kibali cha kuhama?”

“Ngoja, usinipoteze,” alisema Nyamvula. “Mia tatu arobaini na sita. Mia tatu arobaini na saba.” Akanyoosha mkono, akamgusa kichwani, penye maji. “Mia tatu arobaini na nane. Kaa chini, Bwana Mkuu. Tumetimia.”